Risasi Zilizoundwa Upya: Namna ya Kuzikagua, Kuzitumia na Kuzikataa

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye cheti halali cha silaha, mkazi wa Mombasa au wa mji mwingine wa pwani, ambaye amewekewa mezani boksi la risasi zilizoundwa upya kiwandani, yaani zilizojazwa tena katika maganda yaliyokwisha kutumika, ama na mfanyabiashara wa silaha mwenye leseni, ama katika uwanja wa shabaha wa nchi nyingine alikokwenda kushindana. Bei yake iko chini ya ile ya risasi mpya, boksi lina jina la kiwanda, na maganda yanang'aa, pengine kuliko ya risasi mpya. Kinachotakiwa kuamuliwa ni kama risasi hizo zitaingia katika bastola yako. Kwa maoni yangu zinaweza kuingia, kwa mazoezi peke yake, iwapo unamjua aliyeziunda, umezikagua moja baada ya nyingine, na umekwisha kujizoeza kuacha kufyatua papo hapo silaha inapotoa mlio usio wake. Likikosekana hata moja kati ya hayo matatu, mrudishie mwenyewe boksi lake.

Kabla ya kununua

Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, haimruhusu mtu kununua wala kuwa na silaha au risasi bila cheti, na cheti chenyewe hutaja ni risasi za aina gani na ngapi ambazo mwenyewe anaruhusiwa kuwa nazo. Kwa hiyo unafuu wa bei haumpi mtu ruhusa ya kulimbikiza maboksi nyumbani kwake Nyali au Kizingo kupita idadi iliyoandikwa. Vivyo hivyo, kutengeneza risasi ni kazi ya aliyesajiliwa kwa shughuli hiyo, nayo haiwezi kuwa kazi ya mtu na mashine yake ya mkono katika chumba cha nyuma. Ndiyo maana mwongozo huu haufundishi kujaza risasi, na ndiyo maana nasema bila kuzunguka kwamba risasi iliyojazwa na mtu binafsi, awe rafiki, awe ndugu, awe bingwa wa shabaha, usiipige hata moja.

Zinazozungumziwa hapa ni zile za viwanda vyenye leseni. Biashara hiyo imeshamiri hasa Marekani, ambako shabaha ni mchezo wa watu wengi na maganda yaliyokwisha kutumika huokotwa viwanjani kwa magunia na kuuzwa kwa uzani. Kenya ina kiwanda chake cha risasi mjini Eldoret, kilichoanzishwa katika miaka ya 1990 kwa ushirikiano na kampuni ya FN ya Ubelgiji, lakini hicho ni kiwanda cha risasi mpya na hakihusiki na habari hii.

Kabla ya kutoa pesa, fungua kijitabu kilichokuja na bastola yako utafute ukurasa unaohusu risasi. Glock, Ruger na Smith & Wesson, kwa kutaja watatu tu, huwaonya wateja wao dhidi ya kutumia risasi zilizojazwa au kuundwa upya, na huweka wazi kwamba silaha ikiharibika kwa sababu hiyo dhamana ya kiwanda haitafanya kazi. Watengenezaji hao hawana sababu ya kumchukia mtu anayetafuta unafuu; wameandika hivyo kwa sababu silaha zilizopasuka hurudishwa kwao, na wao ndio huulizwa kulikoni. Bastola ikipasuka Mombasa, ni wewe utakayegharimia nyingine, mbali na matibabu ya mkono. Rahisi ghali.

Kisha muulize muuzaji mambo matatu na usikilize anavyojibu. La kwanza ni jina kamili la kiwanda na nchi yake. La pili ni maganda yalikotoka: je, yalipigwa mara moja tu na kikosi kimoja, au ni mchanganyiko wa kila kilichookotwa? La tatu ni namba ya toleo, ambayo lazima iwe imechapishwa kwenye boksi, kwa sababu kiwanda kikigundua kosa kitaagiza risasi zirudishwe kwa namba hiyo, na asiyekuwa nayo hatajua kama anahusika. Risasi zinazouzwa zikiwa zimemwagwa ndani ya mfuko wa plastiki, bila boksi wala namba, hazistahili maswali zaidi. Ziache.

Ganda lina historia yake

Risasi moja ina vitu vinne, yaani ganda, fataki, baruti na kichwa. Fataki hugongwa, baruti huwaka, kichwa huondoka, na kinachobaki mkononi ni ganda peke yake, ambalo kwa kawaida ni la shaba iliyochanganywa na zinki. Kiwanda cha kuunda upya huliosha ganda hilo, hulibana lirudie kipimo chake, hung'oa fataki iliyokwisha na kupachika mpya, hutia baruti, kisha huingiza kichwa kipya na kulibana mdomo. Kwa maneno mengine, vitu vitatu kati ya vinne ni vipya, na kile kimoja cha zamani ndicho kinachotegemewa kuzuia gesi isimrudie mpigaji.

Uzito wa kazi hiyo unaonekana katika vipimo. SAAMI, chama cha viwanda vya silaha na risasi cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1926, kimeweka kikomo cha shinikizo la risasi ya kawaida ya milimita 9 kuwa pauni 35,000 kwa kila inchi ya mraba. Tairi la gari dogo tunalijaza kiasi cha pauni 32, kwa hiyo ndani ya chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa ikipigwa, mna zaidi ya mara elfu moja ya shinikizo hilo, sentimita chache kutoka kwenye vidole vyako. Ulaya nako kuna CIP, tume ya kimataifa ya kupima silaha na risasi, yenye makao yake Brussels, ambayo nchi wanachama wake huifanya ithibati ya risasi kuwa sharti la kisheria. Vipimo vya SAAMI hufuatwa kwa hiari. Kenya haimo katika CIP, na hivyo mnunuzi wa hapa hana budi kusoma boksi mwenyewe badala ya kudhani kwamba kuna aliyekwisha kumsomea.

Ganda hutanuka kila linapopigwa na hubanwa kila linapotengenezwa upya, na shaba inayotendewa hivyo mara kwa mara huwa ngumu na kavu hadi inapasuka, mara nyingi mdomoni kwanza. Huo ni mpasuko mdogo, na aghalabu hauleti madhara makubwa. Mpasuko wa kuogopwa ni ule wa chini, karibu na kitako, ambako ukuta wa ganda ulivutwa ukawa mwembamba. Hutokea zaidi katika risasi za bunduki kuliko za bastola, na bunduki za zamani za .303, ambazo askari wa akiba wa kaskazini mwa nchi yetu walizibeba kwa miaka mingi, zinajulikana kwa hilo, kwa kuwa chemba zake ni pana na ganda hushikwa kwa ukingo wake wa nyuma, likaachwa linyooke linavyotaka. Siku ganda linapokatika vipande viwili, gesi hutafuta njia ya kurudi nyuma usoni.

Silaha iliyolipiga ganda mara ya kwanza nayo huacha alama yake. Bunduki ya G3, ambayo polisi wetu wameitumia kwa miongo mingi, ina mifereji iliyochongwa ndani ya chemba ili gesi isaidie kulitoa ganda, na ganda lililopita humo hutoka na michirizi na mara nyingi na bonde ubavuni kwa jinsi linavyorushwa. Baadhi ya bastola huliacha ganda bila ukuta wa kulishika sehemu ndogo ya chini, karibu na mahali risasi inapopandia, na hapo shaba huvimba. Mashine ya kiwandani huweza kuurudisha uvimbe huo ndani hadi usionekane kwa macho, ilhali shaba yenyewe imekwisha kudhoofika mahali palepale. Ikiwa bastola yako nayo ina sehemu kama hiyo, udhaifu unakutana na udhaifu.

Baruti usiyoiona

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu hakuna ukaguzi wa mezani unaoifikia. Risasi ya milimita 9 huhitaji baruti kidogo mno. Kwa baruti zinazowaka haraka ni kama gramu theluthi moja, ambayo inaacha nafasi kubwa ndani ya ganda. Nafasi hiyo inatosha kwa kipimo cha pili. Mashine ikikwama, fundi akaizungusha tena kuiachilia, ganda moja linaweza kupata baruti maradufu na lile linalofuata lisipate hata chembe. Kiwanda makini huweka vitambuzi vya kukagua kimo cha baruti katika kila ganda, na kiwanda kinachokimbizana na bei huweza kutegemea jicho la mfanyakazi mwishoni mwa zamu.

Huenda ukafikiria kuzipima risasi kwa mizani ili kuitambua yenye kasoro. Haisaidii. Maganda ya viwanda tofauti hutofautiana uzani, na vichwa hali kadhalika, kiasi kwamba tofauti hizo zinaweza kuzidi uzani wote wa baruti iliyomo ndani. Risasi isiyo na baruti inaweza kuwa nzito kuliko jirani yake iliyo kamili. Kutikisa risasi sikioni ni kujidanganya vilevile.

Baruti ikizidi, ganda hupasuka mahali lisiposhikwa na chemba. Katika bastola gesi hushuka kwenye mpini, huirusha magazini (kisanduku cha risasi kinachoingizwa ndani ya mpini) chini na kuweza kuuvunja mpini wenyewe mkononi mwa mpigaji. Baruti ikikosekana, fataki peke yake ina nguvu ya kutosha kukisukuma kichwa kutoka kwenye ganda hadi ndani ya mtutu, kisha kikakwama humo. Hapo bado hakuna aliyeumia. Anaumia anayefyatua risasi ya pili nyuma ya kile kilichokwama, kwa kuwa gesi haina pa kwendea na mtutu huvimba au kupasuka. Tumezoea kusema ajali haina kinga, lakini ajali hii ina kinga, nayo ni kidole kutoka kwenye kifyatulio.

Ukaguzi mezani

Tandika kitambaa cheupe mezani karibu na taa kali, weka silaha mbali ikiwa tupu, na usiwe na mtoto wala mgeni chumbani. Toa risasi kwenye boksi chache chache, ukihakikisha hazichanganyiki na za boksi jingine. Chukua muda wako. Mtu anayekagua huku anapiga simu hakagui.

Anza na vitako. Zisimamishe risasi zikitazama chini ili usome alama zilizogongwa kwenye shaba. Zikiwa na alama moja, maganda yametoka chanzo kimoja, na hiyo ni dalili njema. Zikiwa na alama tano tofauti ndani ya boksi moja, ujue kiwanda kilichota kwenye gunia. Maganda ya milimita 9 ya watengenezaji tofauti hayalingani ujazo wa ndani, na baadhi yana ngazi ndani ya ukuta inayopunguza nafasi, hivi kwamba baruti ile ile huzaa shinikizo kubwa zaidi. Soma pia kipimo chenyewe: ganda la milimita 17 la bastola ndogo za .380 hufanana sana na lile la milimita 19, nalo hupenya katika uchambuzi wa haraka.

Kisha pitisha ncha ya kidole juu ya kila fataki. Inapaswa kuwa sawa na kitako au kuzama kidogo sana ndani yake. Iliyotokeza weka kando bila kujadiliana nayo, kwa sababu komeo linaweza kuigonga linapofunga na risasi ikalipuka kabla silaha haijajifunga sawasawa. Fataki iliyopachikwa kichwa chini, au kiubavu, utaiona kwa macho: mahali pa uso laini wa mviringo utaona tundu au ukingo uliopinda. Nyingi za namna hiyo hazitawaka, lakini uwepo wake unakuambia kwamba boksi zima lilipita mbele ya mtu asiyelitazama, na mimi ningelirudisha boksi zima.

Zungusha ganda polepole chini ya taa, jicho likiwa sehemu ya chini, juu kidogo ya kitako. Unatafuta mviringo mwembamba unaong'aa kuliko shaba iliyo jirani, kama uzi uliozungushwa mara moja. Huo ni ukuta uliovutwa, na katika risasi za bunduki ni dalili ya ganda linalokaribia kukatika. Usiuchanganye na michirizi ya wima iliyoachwa na chemba au mashine, wala na rangi ya kibuluu karibu na shingo ya risasi za bunduki, ambayo hutokana na shaba kupashwa moto kwa makusudi ili ilainike. Mdomoni angalia ufa. Shika risasi katikati ya vidole uone kama kuna tumbo upande mmoja.

Kichwa nacho kisicheze. Kisukume kwa kidole gumba kwa nguvu ya kawaida. Kikizama hata kidogo, risasi hiyo haifai, kwa sababu kichwa kinachosukumwa ndani hupunguza nafasi ya baruti kuwakia na shinikizo hupanda ghafla. Panga risasi zikiwa zimesimama mstari mmoja uone kama kuna fupi au ndefu. Risasi ya milimita 9 haipaswi kuzidi urefu wa milimita 29.69, na mwenye kipimo cha fundi anaweza kuthibitisha.

Mwisho, fungua bastola yako kama unavyofanya unapoisafisha, toa mtutu, na utumbukize risasi moja moja katika chemba ukiwa umeushika mtutu mkononi, mbali na silaha. Risasi nzuri huanguka ndani kwa uzito wake na kutoa mlio mfupi wa chuma, kisha hutoka yenyewe ukiugeuza mtutu. Inayohitaji kusukumwa au inayogoma kutoka imevimba au ina mdomo usiobanwa vizuri. Zoezi hili huchukua dakika chache kwa boksi la risasi 50, na sijui zoezi jingine la nyumbani linalofichua makosa mengi hivyo kwa usalama.

Uwanjani: mlio usio wake

Vaa miwani migumu ya kinga na vifuniko vya masikio, hata kama wengine hawajavaa. Piga risasi za kwanza polepole, moja moja, ukitazama tundu kwenye karatasi baada ya kila mlio, na ganda lililotoka. Karatasi ikikosa tundu ilhali umelenga vizuri, simama ujiulize kichwa kiko wapi.

Sikio lako linajua mlio wa bastola yako. Risasi iliyokosa baruti husikika kama kikohozi au kizibo kinachotoka chupani, mkono hausikii teke, moshi hutoka pasipo kawaida, na mara nyingi bastola haijikoki yenyewe. Kutojikoki huko ndiko kunakowaponza waliofunzwa vizuri. Askari, walinzi na wapigaji wa mashindano hufundishwa kwamba silaha ikigoma wapige magazini kwa kiganja, wakoki, wafyatue, yote ndani ya sekunde moja au mbili, hadi mkono unafanya bila kuuliza kichwa. Zoea hilo ni jema mbele ya jambazi, lakini mbele ya risasi iliyokwama mtutuni ndilo linaloupasua mtutu wa bastola, kwani kwa kukoki unaleta risasi mpya nyuma ya kizuizi. Kwa hiyo jiwekee sheria ya uwanjani: siku unayopiga risasi zilizoundwa upya, hakuna kukoki kwa haraka. Silaha ikigoma kwa namna yoyote, zoezi limesimama.

Utaratibu wenyewe ni huu. Ukisikia kifyatulio kikigonga tu bila mlio wowote, ondoa kidole, uelekeze mtutu kwenye shabaha, na usubiri sekunde 30 kamili, kwa sababu fataki au baruti huweza kuchelewa kuwaka. Ikilipuka ukiwa unaichungulia, hakuna miwani itakayokutosha. Baada ya hapo toa magazini, fungua, uitoe risasi ikaanguke chini, na usijaribu kuidaka hewani. Ukisikia mlio dhaifu badala ya ukimya, fanya hivyo hivyo, mwite msimamizi wa uwanja, kisha fungua silaha iliyo tupu na utoe mtutu ili uutazame ukiwa umetengana na sehemu nyingine. Mwanga ukipita kutoka mwisho hadi mwisho, uko salama. Usipopita, kichwa kimo ndani.

Katika bastola ya kuzunguka, yaani revolva, kichwa huweza kusimama nusu ndani ya mtutu na nusu ndani ya chemba, na mzunguko ukakwama kabisa. Usilazimishe. Vilevile usijaribu kukitoa kichwa kilichokwama kwa kukipiga risasi nyingine, wala kwa msumari wa chuma na nyundo, kwani mtutu utakwaruzwa ndani. Mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni, na mwambie achunguze kama mtutu umevimba. Pete ya kivuli inayoonekana ndani ukiutazama kwenye mwanga ni dalili kwamba kuna risasi iliyopita nyuma ya nyingine bila mpigaji kujua.

Risasi moja ya namna hiyo inatosha kulifunga boksi. Baadhi ya wapigaji huitoa ile mbovu wakaendelea na zilizobaki, wakidhani wamekwisha kuikuta yenye kasoro. Mimi nadhani kinyume chake: mashine iliyolinyima ganda moja baruti ndiyo iliyojaza jirani zake, na kipimo kilichokosekana hapa huenda kimekwenda kukaa mahali.

Hewa ya pwani

Mwongozo ulioandikiwa nchi kavu hautoshi Mombasa. Hapa hewa ina chumvi na unyevu mwaka mzima, na wakati wa masika kabati lolote lisilopitisha hewa huota ukungu. Shaba ya ganda hustahimili kutu kuliko chuma, lakini ina adui wake mahususi, nayo ni amonia. Jeshi la Uingereza lilijifunza hilo India, ambako risasi zilizohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi zilipasuka maganda zenyewe msimu wa mvua, bila kupigwa, kwa sababu mvuke wa mkojo wa farasi uliingia katika shaba iliyokuwa tayari imebanwa na kukaza. Ganda lililoundwa upya limebanwa kwa nguvu, likanyooshwa na kubanwa tena, kwa hiyo mkazo huo limeubeba ndani yake.

Kutokana na hilo, usizisugue risasi kwa dawa ya kung'arishia shaba ya aina ya Brasso, ile tunayotumia kwa vitasa vya milango na masinia, kwa sababu dawa za namna hiyo kwa kawaida huwa na amonia. Risasi zisizong'aa si mbovu. Usizihifadhi pamoja na sabuni za kusafishia choo au vioo, wala karibu na banda la mbuzi au kuku. Usizipake mafuta ya kupenyeza kutu ukidhani unazikinga. Mafuta hayo yanaweza kupenya kando ya fataki na kuiua, na risasi yenye fataki iliyolowa huweza kuchelewa kuwaka. Ziweke katika boksi lake la asili, ndani ya kopo la chuma lenye mpira wa kuzuia hewa pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, ndani ya kabati lililofungwa kwa kufuli. Usiziache ndani ya gari lililoegeshwa juani kwenye foleni ya feri ya Likoni au popote pengine, kwani baruti iliyopashwa joto huongeza shinikizo inapowaka, na risasi iliyojazwa karibu na kikomo haina nafasi ya nyongeza hiyo.

Kuna jambo la afya ambalo wapigaji wengi hulipuuza. Fataki nyingi zina madini ya risasi (lead), vichwa vingi vina msingi wa madini hayo hayo, na moshi na vumbi lake hukaa mikononi, kwenye nguo na juu ya maganda. Mji huu una sababu ya kulichukulia hilo kwa uzito: wakazi wa Owino Uhuru walidhurika na sumu hiyo kutokana na kiwanda cha kuyeyusha betri za magari, na mwaka 2020 mahakama hapa Mombasa iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kiasi cha uwanjani ni kidogo mno ukilinganisha, lakini mtoto anayekaa mapajani mwa baba aliyetoka mazoezini hahitaji hata kidogo hicho. Osha mikono na uso kwa maji baridi na sabuni kabla ya kula, badilisha shati kabla ya kumbeba mtoto, na usiokote maganda kwa kofia utakayoivaa kichwani.

Matumizi, na zile ulizozikataa

Risasi zilizoundwa upya usizibebe kwa kujikinga. Katika mazoezi silaha ikigoma unapoteza dakika moja; mbele ya mvamizi hiyo dakika huna. Hata risasi mpya unayoibeba, ukiwa na tabia ya kuitoa chembani kila jioni na kuirudisha kila asubuhi, kichwa chake huzama kidogo kidogo kwa kugongwa mara nyingi, kwa hiyo ilinganishe mara kwa mara na nyingine za boksi hilo na uiondoe iliyofupika.

Weka daftari dogo lenye jina la kiwanda, namba ya toleo, tarehe uliyonunua, idadi uliyopiga na kasoro ulizokuta. Kasoro ikitokea, piga picha ya kitako na ya boksi, umjulishe muuzaji kwa maandishi, na utenge risasi zote zilizobaki za toleo hilo, kwa kuwa kiwanda kitazihitaji kuchunguza.

Risasi ulizozikataa bado zimo katika hesabu ya cheti chako, na huwezi kuzitupa kama takataka. Usizivunje kwa koleo ili umwage baruti, usizichome, usizizike uwanjani kwako, na usizitupe baharini hata kama umeona wengine wakifanya hivyo, maana maji kupwa huzirudisha ufukweni mikononi mwa watoto. Zifunge peke yake ndani ya mfuko, uandike juu yake kwamba ni mbovu pamoja na idadi yake, uchukue cheti chako, uzipeleke kwa mfanyabiashara aliyekuuzia au kituo cha polisi, na usiondoke pale kabla hujapewa karatasi yenye sahihi inayoonyesha ni ngapi zilizopokelewa.